Konkuru iko mu sheria, lakini listi ya malipo haina konkuru



Kila mara majina ya watu walioingizwa mu kazi ya Leta yanaanza kuzunguka mu simu, hapa kwenye page yetu tunagawanyika sehemu mbili. Wa kwanza wanasema: bila mwavuli hauingie, acheni kujidanganya. Wa pili, na wengi wao ni wale waliosoma droit, wanajibu kwamba sheria iko, inasema konkuru, basi shida ni watu tu, sheria yenyewe ni safi. Mimi ni agronome, si mwanasheria. Lakini nimeisoma ile sheria, na maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zinaikosea. Sheria iko kweli, na haiko safi vile. Inalinda mlango mmoja kwa nguvu sana, wakati watu wanapitia mlango mwingine ambao hauna hata komeo.

Ninaongea juu ya Sheria N° 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, ile inayopanga maisha ya mfanyakazi wa Leta toka siku anaingia mpaka siku anatoka. Ilichukua nafasi ya Sheria N° 81-003 ya tarehe 17 Julai 1981. Hesabuni wenyewe: siku mbili tu zilikosekana ili ile ya zamani itimize miaka 35. Mtoto aliyezaliwa wakati inatiwa sahihi alimaliza masomo, akaoa, akazaa, na alikuwa angali anatafuta kazi chini ya karatasi ile ile.

Na juu ya sheria iko Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani mu masomo na mu kuingia kazi za Leta kwa sababu ya dini yake, ukoo wake, hali yake ya maisha, makao yake, mawazo yake ya siasa ama kabila lake. Kifungu cha 193 kinasema utawala wa Leta hauna siasa, hauegemei upande, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuugeuza kwa faida yake ama ya kundi lake. Ukisoma vifungu hivi viwili asubuhi, kisha mchana ukapita kwenye korido ya biro fulani, unaweza kufikiri viliandikwa kwa nchi nyingine. Lakini ni vyetu, na vina nguvu kuliko barua yoyote ya direkta.

Kabla sijaingia ndani, kitu kidogo cha historia, juu mu nchi hii neno « kustahili » limekwisha kutumiwa vibaya, na wazee wanalikumbuka. Mu wakati wa Wabeleji, nafasi za juu za utawala zilikuwa za Wazungu. Mu 1959, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru, waliweka ile statut unique: watumishi wote, weupe na weusi, sheria moja. Vizuri kabisa. Lakini nafasi za juu zilidai diploma ya juu, na Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mu 1954, kile cha Élisabethville, ambacho leo ni UNILU yetu, mu 1956. Sasa Mweusi angepata lisansi wapi na lini? Mu 1960, kati ya maelfu ya viti vya juu, Wakongomani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sheria ilikuwa sawa kwa wote, na njia ya kuifikia ilikuwa ya wamoja tu. Tuliweke hilo pembeni, tutalikuta tena chini.

Halafu ikaja 1981. Tulikuwa Zaïre, na tangu Katiba ilibadilishwa mu 1974, MPR ilikuwa ndiyo chombo kimoja cha Taifa, kila mwananchi alizaliwa mwanachama. Sheria ya 1981 iliongea juu ya konkuru, ikapanga na maksi za kila mwaka kwa mfanyakazi: Élite, Très bon, Bon, Médiocre. Mu nchi ambamo kuimba na kucheza kwa ajili ya chama ilikuwa nusu ya kazi, maksi ya namna ile ilipima nini? Waulizeni ba papa zenu waliotumika wakati ule. Wa kwangu anacheka tu.

Sasa ya 2016. Mtu anayetaka kuingia lazima awe Mkongomani, awe na haki zake za uraia, awe mu umri uliopangwa, awe na mwenendo mzuri, afya, diploma inayolingana na nafasi, na ashinde konkuru. Akiingia anakaa kwanza mu kipindi cha majaribio, kisha ndiyo anathibitishwa. Na mwenye kupanga konkuru ni ministère ya Fonction publique. Kwenye karatasi, hakuna cha kucheka. Mwanafunzi wa nchi yoyote angeisoma na kusema: hapa wanaajiri kwa akili.

Kosa lake halionekani kwenye maneno. Linaonekana ukiuliza kwanza: mu Congo, mtu anakuwa mfanyakazi wa Leta siku gani?

Kwa sheria, ni siku waziri anatia sahihi, jina linaingia, matrikule inatoka. Kwa maisha, hapana. Munajua ngazi zenyewe. Kuna kwanza ile barua ya kupangiwa kazi, ambayo shefu wa huduma anaweza kukuandikia hata leo jioni. Kuna kisha matrikule. Na kuna ya mwisho, listi ya malipo, ile siku wanakumekanize na jina lako linatoka kwenye benki. Kati ya barua na matrikule inaweza kupita miaka. Kati ya matrikule na listi ya malipo, miaka mingine tena. Yule aliye katikati ana jina lake, kila mtu analijua: N.U. Anatumika, anasaini daftari ya kuingia, anaitwa mu mkutano, anatumwa mu teritware, na mwisho wa mwezi anarudi nyumbani mikono mitupu. Wengine wako na kitu cha ajabu zaidi, wanapata prime bila mshahara, ama mshahara bila prime, juu malipo ya Leta yetu ni vipande viwili na kila kipande kina listi yake.

Basi fungueni macho hapa. Konkuru inalinda ile ngazi ya katikati. Ile ya kwanza, barua ya shefu, inapita chini yake. Ile ya mwisho, malipo, inapita juu yake, kati ya ministère ya Fonction publique, ya Bajeti na ya Fedha. Na ile ya mwisho njo kazi yenyewe. Hakuna mtu anayetafuta matrikule kwa kuipenda, tunatafuta mshahara. Mu sheria nzima ya kuajiri kwa kustahili, mahali ambapo mtu anapata ama anakosa mkate wake hapana hata swali moja la mtihani.

Mfano mkubwa uko mbele ya kila mtu. Mu Septemba 2019 masomo ya msingi ya bure yalianza kutumika, jambo ambalo Katiba ilikuwa imeliahidi mu kifungu cha 43 tangu 2006. Wazazi wakaacha kulipa. Shule zikajaa. Walimu wa N.U. ambao walikuwa wanaishi na ile falanga ya wazazi wakabaki hewani, juu falanga ya wazazi ilikatwa mara moja na jina lao mu listi ya Leta halikuwamo. Walimu wana kanuni zao, siwachanganye na sheria ya 2016, lakini ugonjwa ni ule ule: mtu anaingizwa kwanza, bajeti inatafutwa nyuma.

Rafiki mmoja tuliyesoma naye anatumika mu huduma moja ya kilimo, mu teritware ya mbali. Nilimuuliza mu simu kama amepata kitu. Akanijibu: « Mwana, minaingia mu mwaka ya ine. Banaisha kunipa numero. Falanga, hapana. » Nikamuuliza sasa anaishi namna gani. Akakaa kimya kidogo, akasema: « Bantu ba mashamba banatusaidiaka. »

Neno hilo, banatusaidiaka, ndilo linanifanya niandike. Juu munajua maana yake. Maana yake ni kuku. Ni debe la mahindi. Ni karatasi ya kizuizi cha barabara ambayo haina kifungu chochote cha sheria, ni « falanga ya kutia sahihi » kwa mama anayeteremsha magunia yake sokoni. Rafiki yangu si mwizi. Alikuwa kati ya wale waliotusaidia wote mu hesabu za udongo. Lakini Leta ilimtuma kwa mkulima bila chakula, ikijua vizuri atakula kwa nani.

Njo maana ninasema mtihani wa kweli mu Congo uko, na tunaufanya wote: ni mtihani wa kungoja. Ni nani anaweza kutumika miaka minne bila mshahara? Jibu liko la namna tatu tu. Yule ambaye nyumbani kwao kuna falanga. Yule ambaye bibi yake anauza sokoni na kumlisha. Na yule aliyegundua haraka kwamba nafasi yenyewe inazaa, hata kabla ya mshahara kuja. Mwenye akili ambaye hana kwao, na ambaye roho yake inakataa kumla mkulima, anaacha mwaka wa pili. Anaenda kuendesha taksi, ama kuuza unite za simu, ama kuchimba mu carrière. Sheria iliandika konkuru ili kuchagua wenye akili. Kungoja kunachagua wenye tumbo gumu na wenye mkono mwepesi. Kati ya mitihani hii miwili, ule wa pili unafanyika kila siku mu majimbo yote 26, na hakuna aliyeupigia kura.

Ubaya mwingine: wale N.U. wanapokuwa wengi, konkuru yenyewe inakufa. Mwaka wowote ukipiga kelele « tunataka konkuru », direkta atakuonyesha korido: hawa wamengoja, unataka niwaache nichukue watoto wa juzi? Na ana haki nusu. Huwezi kumwambia mtu aliyetumika bure miaka sita kwamba sasa aende kukaa kwenye kiti na kijana aliyemaliza mu Julai. Hivi kila shefu aliyeingiza watu wake kwa mlango wa nyuma amefanya mambo mawili kwa mara moja: amewapa watu wake nafasi, na ameifunga konkuru kwa wote watakaokuja nyuma.

Kuna wanaosema ENA imekwisha kujibu. Tuseme haki: ile shule ya taifa ya utawala iliyorudishwa mu 2013 inachukua watu kwa konkuru, na walioingia humo wanajua walifanya mtihani. Inaonyesha kwamba konkuru mu Congo inawezekana, wale wanaosema « sisi Wakongomani hatuwezi » wanyamaze. Lakini ni mlango mwembamba, wa makada. Haiwezi kutoa monita wa kilimo wa kila sekta, wala muuguzi, wala mwandishi wa biro ya mtaa.

Sasa kuna upinzani mmoja ambao ninauheshimu, na mu inbox nimeupata mara nyingi. Unasema: konkuru ikifanyika kwa haki kabisa, watashinda wa Kinshasa na wa Lubumbashi, watoto wa shule nzuri, wa Moba, wa Pweto, wa Kongolo, watabaki nje. Basi afadhali kugawana kwa majimbo, kila mtu na mwana wa kwao.

Nusu ya kwanza ni kweli, na ni ile ile ya 1959: sheria moja, njia mbili. Lakini nusu ya pili inanitia woga. Sisi wa Katanga tunajua swali la « huyu ni wa wapi » linafika wapi likianza. Mu 1992 na 1993 liliwatoa watu mu nyumba zao na mu kazi zao, likawaweka kwenye vituo vya treni kungoja safari ya kwenda Kasaï ambako wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Sitaki liwe swali la kwanza la fomu ya kuomba kazi. Na kifungu cha 13 kinalikataza waziwazi.

Dawa ninayoiona ni kupeleka mtihani kwa watu, na kupima kitu ambacho kazi inakidai. Leo kijana wa Moba anaambiwa dosie yote ipelekwe Kinshasa, aende na ndege ama apitie Kalemie siku ngapi; kwa bei ya safari ile tayari amekwisha kuanguka konkuru. Kifungu cha 204 cha Katiba kinaweka kazi za Leta za jimbo na za mahali mu mikono ya majimbo yenyewe. Basi nafasi ya teritware ifanyiwe mtihani mu teritware. Sitauliza ukoo wako, nitauliza kama uko tayari kukaa pale, na nitakupima mu lugha ya pale. Kifungu cha 1 kinataja lugha zetu nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba, na Leta inapaswa kuzikuza. Lakini maksi ya kuongea na mwananchi mu lugha yake haihesabiwi, inahesabiwa paka dissertation ya Kifaransa.

Mu fani yangu, hilo si jambo dogo. Chukueni nafasi ya monita wa kilimo. Ukitaka kujua nani anastahili, hauhitaji swali la « culture générale » juu ya mito mirefu ya dunia. Mpeleke mu shamba la mahindi. Mwonyeshe jani lenye matundu, na ndani ya moyo wa mche ule uchafu kama unga wa mbao. Akishindwa kutambua kile kiwavi kilichoingia Afrika mu 2016 kutoka Amerika, ambacho kinatafuna mahindi yetu yote, arudi nyumbani. Akikitambua, muulize nini mama wa shamba asiye na falanga ya dawa anaweza kufanya asubuhi ya kesho, na wakati gani dawa haina maana tena kwa sababu kiwavi kimekwisha kukua na kujificha ndani. Mpe mikono miwili ya udongo wetu mwekundu wenye uchungu, umuulize kwa nini mbolea peke yake haitoshi bila chokaa. Mpe jani la muhogo lililojikunja na madoa ya manjano. Mwambie aeleze hayo yote kwa Kiswahili cha kijiji, mbele ya wakulima watatu, na wakulima watie maksi pia. Saa mbili. Hakuna mwavuli utakaokusaidia pale.

Wenzangu wa fani zingine watanicheka kwamba kila kitu narudisha kwenye mahindi. Sawa. Lakini Lubumbashi inakula bukari, na sehemu kubwa ya unga wake inategemea mahindi ya Zambia. Zambia ikifunga mpaka kidogo tu, bei ya mfuko inaruka na kila nyumba inasikia. Sisi tuna ardhi, tuna mvua, tuna ma-agronome waliojaa mu mji wanaouza unite. Kati ya ile ardhi na hawa ma-agronome panapaswa kuwa huduma ya Leta yenye watu waliochaguliwa vizuri na wanaolipwa.

Kama unafikiri mchezo wa kugawa kazi kwa marafiki ni wetu peke yetu, angalia Marekani ya karne ya 19. Kule aliyeshinda uchaguzi aliwafukuza watumishi wa chama kingine na kuweka wa kwake, hadharani, bila haya. Mu Julai 1881 mtu mmoja, Charles Guiteau, ambaye alijiona anadaiwa nafasi ya konsula mu Paris na hakuipata, alimpiga risasi rais Garfield, na mu Septemba Garfield akafa. Mu Januari 1883 wakatia sahihi sheria ya Pendleton. Wengi wanaitaja kwa sababu ya mtihani. Mimi ninachokitazama ni vitu viwili vingine. Kwanza, mtihani waliukabidhi kwa tume ya watu watatu, na hawakuruhusu zaidi ya wawili kutoka chama kimoja. Hawakumwachia waziri anayeajiri. Pili, walianza na kidogo, karibu sehemu moja kati ya kumi ya nafasi za serikali kuu, na marais waliokuja nyuma waliongeza. Ilikuwa ndogo lakini ilitumika. Yetu ilianza na nchi nzima mu siku moja.

Na hapa karibu, Tanzania, ambako magari yetu ya mizigo yanalala kila wiki njiani kuelekea Dar es Salaam, wako na Sekretarieti ya Ajira. Inatangaza nafasi, kisha inatoa majina ya walioitwa kwenye usaili, kisha majina ya waliopangiwa kazi, kila mtu anasoma mu simu yake. Malalamiko nako yako, ndugu zetu kule hawanyamaze. Lakini wanalalamika wakiwa na listi mkononi. Sisi tunalalamika na uvumi.

Basi sheria ya 2016 irekebishwe wapi? Kwangu jambo la kwanza ni moja, na bila hilo yale mengine ni maua: hakuna barua ya kupangiwa kazi, hakuna matrikule, hakuna konkuru, bila mstari wa mshahara uliokwisha kupigiwa kura mu bajeti ya mwaka ule. Kila huduma inapaswa kuwa na « cadre organique » yake, hesabu ya nafasi zinazoruhusiwa. Itangazwe. Ikiwa inspeksio ya kilimo ya teritware fulani ina nafasi 12 na watu 9 kwenye listi ya malipo, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ajue kwamba kuna 3 za kupigania. Na shefu anayeandika barua nje ya hesabu ile aulizwe mshahara wa yule mtu, yeye mwenyewe, toka mfukoni mwake. Utaona kalamu zitakavyokuwa nzito.

Kwa N.U. waliopo, sikubaliane na wale wa hapa page wanaosema wafukuzwe wote. Wengine walitumika kweli, kwa jasho. Wapewe mtihani pale pale wanapotumika, juu ya kazi wanayoifanya, na miaka yao ihesabiwe kama maksi. Atakayeshindwa alipwe deni lake la miaka na aage. Atakayeshinda aingie mu listi ya malipo mwezi ule ule. Ni bei kubwa kwa Leta, ndiyo. Lakini bei ile tayari inalipwa, kuku kwa kuku, na watu wasio na uwezo wa kukataa.

Na ba dada wasisahauliwe mu hesabu hii. Tangu tarehe 1 Agosti 2015 tuna sheria N° 15/013 juu ya haki za mwanamke na usawa. Lakini kungoja bila mshahara kunamwondoa msichana mbele ya wote: familia itamwambia aolewe, na shefu anayemwahidi « nitakusukumia dosie » hatataka kuku. Tunajua atataka nini.

Kwa komite yetu nina pendekezo dogo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake ama pamoja na wenzake, haki ya kuandikia mamlaka ya Leta, na mamlaka inapaswa kujibu mu miezi mitatu. Tuandike barua moja, fupi, kwa huduma za kilimo za jimbo, yenye maswali matatu: nafasi ngapi zimepangwa mu kila teritware, wangapi wako kwenye listi ya malipo, wangapi wanatumika bila kuwamo. Tuwapelekee mkono kwa mkono, kopi yetu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tukishapata muhuri, nitaweka picha yake hapa na tutaanza kuhesabu siku.